Mada ya Joto: Usiku wa Baridi, Nyumba Ipoe Kiasi Gani?

Fizikia unaisoma kwa Kiingereza na utaijibu kwa Kiingereza. Lakini kabla ya kukariri kanuni, ielewe kwanza kwa lugha unayoiota usiku. Katika mada hii tutachukua tatizo moja la nyumbani, tulipigie hesabu hadi mwisho, kisha tuone kwa nini tatizo hilohilo linaweza kumgharimu mtu maisha yake hapa kwetu. Andaa kalamu na karatasi. Usisome tu kwa macho.

Swali la kuanzia

Familia moja inaishi jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Ni mwezi Januari, theluji imejaa uani, na halijoto ya nje ni nyuzijoto −8. Nyumba yao ina vyombo viwili vya kuipasha joto. Cha kwanza ni jiko la chuma la kuni, lililopo sebuleni. Cha pili ni tanuru lililopo chini ya nyumba. Tanuru hili huchoma mafuta au gesi, kisha feni husukuma hewa ya moto kwenye vyumba vyote kupitia mifereji ya bati. Tanuru linaongozwa na themostati, yaani kifaa cha ukutani kinachopima halijoto na kuliwasha au kulizima tanuru.

Jioni nyumba ina nyuzijoto 22. Saa nne usiku familia inakwenda kulala na itaamka saa kumi na mbili asubuhi. Mume anasema, "Tuweke themostati kwenye 18 mpaka asubuhi, tuokoe mafuta." Mke anajibu, "Hapana. Nyumba ikipoa, asubuhi tanuru litafanya kazi kubwa zaidi kuirudisha kwenye 22. Bora tuiache hapohapo." Nani yuko sahihi?

Nimewauliza wanafunzi wangu swali hili zaidi ya mara moja, na kila mara walio wengi humuunga mkono mke. Hoja yake inasikika vizuri, lakini haipatani na fizikia. Tuone ni kwa nini.

Hatua ya 1: Tofautisha joto na halijoto

Joto ni nishati. Tunalipima kwa jouli. Halijoto ni kiwango cha umoto wa kitu. Tunaipima kwa nyuzijoto za Selsiasi au kwa kelvini. Kikombe cha chai na sufuria ya chai vinaweza kuwa na halijoto sawa, lakini sufuria ina joto jingi zaidi kwa kuwa ina chai nyingi zaidi.

Themostati inapima halijoto. Mafuta na kuni tunazozilipia zinatupa joto. Mtahiniwa anayechanganya mambo haya mawili hawezi kulijibu swali letu.

Hatua ya 2: Joto linatoka vipi ndani ya nyumba?

Joto husafiri kutoka mahali penye halijoto ya juu kwenda mahali penye halijoto ya chini. Njia zake ni tatu:

(a) Mpitisho. Joto linapita ndani ya kitu kigumu, kutoka chembe moja hadi nyingine. Hivi ndivyo linavyopenya ukuta, sakafu na kioo cha dirisha.

(b) Myuko. Hewa au kimiminika kikipata moto hupanda, na kilichopoa hushuka kuchukua nafasi yake. Hewa ya moto hupanda hadi darini na kutoroka kwenye mianya ya paa.

(c) Mnunurisho. Joto linasafiri kama mawimbi bila kuhitaji kitu cha kulibeba. Ukisimama mbele ya jiko la kuni uso wako unaungua wakati mgongo bado una baridi. Huo ni mnunurisho.

Kwa njia zote hizi tatu, tofauti ya halijoto ikiongezeka, joto hutoroka haraka zaidi. Isaac Newton aliliona jambo hili katika kupoa kwa vitu na kuliandika mwaka 1701. Kwa nyumba yetu tunaweza kuiandika kanuni hivi:

*Kasi ya kupoteza joto = K × (halijoto ya ndani − halijoto ya nje)*

K ni tarakimu ya nyumba yenyewe. Nyumba yenye kuta nene, dari nzuri na madirisha yasiyopitisha upepo ina K ndogo. Nyumba yenye mianya ina K kubwa. Angalia kwa makini: katika kanuni hii hakuna jiko wala tanuru. Nyumba haijui joto lake limetoka wapi. Inapoteza joto kwa kadiri ilivyo na moto kuliko nje, basi.

Hatua ya 3: Mfano wa ndoo yenye tundu

Chukua ndoo yenye tundu dogo chini, uijaze maji. Maji yakiwa juu, yanatoka kwa nguvu. Yakishuka, yanatoka taratibu. Umeambiwa kwamba asubuhi lazima ndoo iwe imejaa. Je, utamwaga maji machache zaidi kwa kukesha ukiijaza usiku kucha, au kwa kuiacha ishuke kisha uijaze asubuhi?

Kuiacha ishuke ndiko kunakookoa maji, kwa sababu ilipokuwa chini ilivuja kidogo. Ni kweli kwamba asubuhi utamimina maji mengi kwa mara moja. Lakini hayo ni yaleyale ambayo hukuyamimina usiku. Hapo ndipo hoja ya mke ilipokosea: ameona kazi ya asubuhi, akasahau mapumziko ya usiku.

Hatua ya 4: Tupige hesabu

Tuseme K ya nyumba ni wati 200 kwa kila nyuzijoto moja, na usiku ni wa saa 8.

*Mpango wa mke: kubaki kwenye 22 usiku kucha.*

Tofauti ya halijoto = 22 − (−8) = 30
Kasi ya kupoteza joto = 200 × 30 = wati 6,000 = kilowati 6
Joto la usiku mzima = 6 × 8 = kilowati-saa 48

*Mpango wa mume: kushuka hadi 18.*

Themostati ikishushwa, tanuru linazima na nyumba inaanza kupoa polepole. Inatumia joto lililohifadhiwa kwenye kuta, sakafu na samani. Tuseme inachukua saa 4 kufika 18.

Mwanzoni kasi ya kupoteza ni kilowati 6. Mwishoni, ikiwa 18, tofauti ni 18 − (−8) = 26, kwa hiyo kasi ni 200 × 26 = wati 5,200 = kilowati 5.2. Wastani wa saa hizo nne ni kilowati 5.6.

Joto lililopotea saa 4 za kwanza = 5.6 × 4 = kilowati-saa 22.4 (tanuru limezima)
Joto lililopotea saa 4 za mwisho = 5.2 × 4 = kilowati-saa 20.8 (tanuru linalifidia)
Jumla = kilowati-saa 43.2

Asubuhi tanuru linapaswa kurudisha kwenye kuta na samani zile kilowati-saa 22.4 zilizotoka. Kwa hiyo jumla ya kazi ya tanuru ni 20.8 + 22.4 = kilowati-saa 43.2. Linganisha na 48 za mpango wa mke. Kilichookolewa ni kilowati-saa 4.8, sawa na asilimia 10 ya matumizi ya usiku huo. Kusema kweli imeokolewa zaidi kidogo, kwa sababu hata wakati wa kupanda kutoka 18 hadi 22 nyumba bado inapoteza pungufu ya kilowati 6.

Tugeuze kiasi hicho kiwe kuni. Kilowati-saa 1 ni megajouli 3.6, hivyo 4.8 × 3.6 = megajouli 17.28. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hutoa takriban megajouli 15. Tuseme jiko linaingiza asilimia 70 ya joto hilo nyumbani na linalobaki linatoka na moshi. Kila kilo inatupa 15 × 0.7 = megajouli 10.5. Basi 17.28 ÷ 10.5 = takriban kilo 1.6 za kuni. Kwa usiku mmoja ni kidogo. Kwa majira ya baridi ya miezi mitano ni rundo ambalo mtu angelazimika kulipasua na kulibeba.

Mume yuko sahihi. Wizara ya Nishati ya Marekani nayo inawashauri wenye nyumba washushe halijoto kwa nyuzi 7 hadi 10 za Farenihaiti kwa saa 8 kila siku. Hizo ni karibu nyuzi 4 hadi 6 za Selsiasi. Inakadiria kwamba mtu anaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama ya mwaka.

Hatua ya 5: Jiko na tanuru vikifanya kazi pamoja

Hapa swali linakuwa tamu zaidi. Familia yetu haina chombo kimoja, ina viwili, na kila kimoja kina tabia yake. Jiko la kuni halina themostati. Ukilijaza magogo saa nne usiku linawaka, linabaki makaa, na ikifika usiku wa manane linafifia. Tanuru halichoki, lakini linakula mafuta yanayonunuliwa.

Kwa hiyo familia inapochagua namba ya themostati ya usiku, inachagua pia saa ambayo tanuru litapokea kazi kutoka kwa jiko. Themostati ikiwa 22, tanuru litaamka mara tu moto wa jiko unapopungua nguvu. Ikiwa 18, makaa ya jiko pamoja na joto la kuta yataibeba nyumba kwa saa kadhaa zaidi, na tanuru litaamka alfajiri. Namba ya chini inalipa jiko nafasi ya kumaliza kazi yake.

Lakini kuna mtego. Themostati inapima halijoto ya mahali ilipo tu. Ikiwa imefungwa sebuleni karibu na jiko, itadhani nyumba nzima ina moto. Tanuru halitawaka, na chumba cha mwisho alimolala bibi au mtoto kitapoa kama nje. Ndiyo maana jibu la swali hili lazima litaje mahali pa kipimo, si namba peke yake.

Hatua ya 6: Kwa nini wasishushe hadi 5?

Kama kushusha kunaokoa, mbona wasizime kabisa? Sababu ni tatu, na mtahini hupenda kuziuliza.

Kwanza, afya. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba halijoto ya nyuzi 18 ndani ya nyumba ni salama kwa watu wengi wakati wa baridi. Wazee, watoto wachanga na wagonjwa wanaweza kuhitaji zaidi ya hapo. Hewa baridi inaongeza shinikizo la damu na kuwasumbua wenye pumu.

Pili, mabomba ya maji. Maji yakiganda yanatanuka. Bomba lililo ndani ya ukuta wa nje likifika nyuzi 0 linaweza kupasuka hata kama sebuleni kuna joto. Gharama ya kulirekebisha inameza kila kilichookolewa. Usiku wa baridi kali mno, wenyeji wenye busara hupandisha themostati badala ya kuishusha.

Tatu, unyevu. Hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi. Nyumba ikipoa sana, mvuke unageuka matone kwenye kuta na vioo, na ukungu unaota.

Kwa hiyo jibu kamili ni hili: shusha, lakini usipite kiwango ambacho anayehitaji joto zaidi ndani ya nyumba anaweza kukivumilia.

Hatua ya 7: Njia ya kuokoa ambayo ni hatari

Kuna watu wanaotaka moto wa jiko udumu mpaka asubuhi, basi wanaziba kabisa tundu la kuingizia hewa. Moto hauzimiki, unafukuta tu. Kumbuka kemia yako. Kaboni ikipata oksijeni ya kutosha, inatoa kaboni dioksaidi. Oksijeni ikipungua, inatoa kaboni monoksaidi. Pia moshi mzito unaganda kama lami ndani ya dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Lami hiyo ikikusanyika inaweza kushika moto na kuunguza paa.

Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ukiivuta inashikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka, lakini imebeba mzigo usiofaa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Aliyelala hazisikii. Ndiyo maana nyumba nyingi za huko zina king'ora kinacholia gesi hii inapozidi.

Sasa turudi nyumbani. Makete, Njombe, Mbeya na Lushoto hakuna matanuru, lakini baridi ya Juni na Julai unaijua kama unatoka huko. Kwenye uwanda wa Kitulo hata jalidi huanguka. Mtu anafanya nini? Anawasha jiko la mkaa nje mpaka moshi unaisha, kisha analiingiza chumbani na kufunga mlango na dirisha. Anaamini kwamba moshi umekwisha na hatari imekwisha. Amekosea. Mkaa unaong'aa bila moshi ndio unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na jiko letu halina dohani ya kuitoa nje.

Nami nilifanya kosa hili. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilipangiwa shule ya nyanda za juu kusini, na usiku wa Julai niliingiza jiko chumbani ili nisahihishe madaftari. Jirani yangu, mama mtu mzima, alikuja kuomba chumvi. Nilipofungua mlango nilishindwa kusimama sawasawa. Alilitazama jiko, akanishika mkono na kunitoa nje. "Mwanangu," akasema, "unafundisha watoto wa watu sayansi halafu unalala na jiko?" Sikuwa na jibu. Kichwa kiliniuma mpaka kesho yake. Kama asingeishiwa chumvi, usingekuwa unasoma ukurasa huu.

Kwa hiyo katika usiku wa baridi fanya hivi: ziba mianya ya dari na mlango wakati hakuna moto ndani, tumia blanketi mbili nyepesi badala ya moja nzito kwa kuwa hewa iliyonaswa katikati inazuia joto, lala na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, na jiko libaki nje. Ukimkuta mtu amezidiwa, usikae humo. Fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa safi, na umfikishe hospitali haraka.

Makosa ya kuepuka katika mtihani

1. Kuandika kwamba "baridi inaingia ndani". Joto ndilo linalotoka. Baridi si kitu kinachosafiri.
2. Kusahau alama ya hasi. 22 − (−8) ni 30, si 14.
3. Kuchanganya kilowati na kilowati-saa. Ya kwanza ni kasi, ya pili ni kiasi.
4. Kusema blanketi linatoa joto. Joto ni la mwili wako, blanketi linalizuia tu lisitoroke.

Maswali ya kujipima

1. Usiku mwingine halijoto ya nje ni −18. Tafuta kasi ya kupoteza joto ya nyumba ileile ikiwa ndani ni (a) 22, (b) 18.
2. Je, tofauti kati ya majibu yako mawili imebadilika ukilinganisha na usiku wa −8? Eleza.
3. Familia imeziba mianya ya dari na K imeshuka hadi wati 150 kwa nyuzijoto. Nje ni −8 na ndani inabaki 22. Joto gani linapotea kwa saa 8?
4. Eleza kwa nini jiko la mkaa lisilotoa moshi si salama chumbani.

Majibu

1. (a) 200 × 40 = wati 8,000. (b) 200 × 36 = wati 7,200.
2. Haijabadilika. Ni wati 800 katika usiku wote wawili, kwa sababu tumeshusha nyuzi 4 zilezile. Kilichobadilika ni sehemu yake: 800 kati ya 8,000 ni asilimia 10, na 800 kati ya 6,000 ni zaidi ya asilimia 13.
3. 150 × 30 = wati 4,500 = kilowati 4.5. Kwa saa 8 ni kilowati-saa 36. Angalia: kuziba mianya kumeokoa kilowati-saa 12, zaidi ya mara mbili ya kushusha themostati, na hakuna aliyelala kwenye baridi.
4. Moshi na kaboni monoksaidi ni vitu viwili tofauti. Mkaa unaowaka bila oksijeni ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi isiyoonekana wala kunusika. Chumba kikifungwa gesi hiyo inajikusanya, inachukua nafasi ya oksijeni kwenye himoglobini, na aliyelala anaweza kufa bila kuamka.

Kama ulipata swali la 3 bila kuchungulia majibu, umeielewa mada. Kama hukulipata, rudi Hatua ya 2, andika upya kanuni ya K kwa mkono wako, kisha ujaribu tena. Na swali la 4 msomee mtu mmoja wa nyumbani kwenu usiku wa leo.